Saini ya Mama Kwenye Daftari la Kiingereza

Siku hizi wanafunzi wangu hawana daftari la kusoma. Wana programu kwenye simu. Mzazi anabonyeza mara moja, alama ya kijani inatokea, na mimi mwalimu wao wa Kiingereza napata taarifa kwamba mtoto fulani amesoma dakika ishirini mbele ya mtu mzima. Uongo mtupu. Nusu yao wanajibonyezea wenyewe wakiwa ndani ya tramu, na siwalaumu sana, maana hata mimi ningefanya hivyo kama mama yangu angekuwa mama wa kubonyeza.

Mama yangu hakuwa wa kubonyeza. Mama yangu alikuwa wa kusikiliza kwanza.

Mwaka huu baridi imenikuta peke yangu hapa Schaerbeek, Brussels, kwenye nyumba ile ile niliyokulia, ghorofa ya pili, juu ya duka la Mturuki wa mikate. Mama yuko Bujumbura kwa dada yangu. Ananitumia sauti kwenye simu kuniuliza kama nimekula. Nimekula, mama, lakini jiko limenyamaza mno. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta karatasi ya bima, nikafungua faili lake la plastiki, lile anamoweka vitu visivyotakiwa kupotea: vyeti vya chanjo, karatasi za makazi za miaka yote, hata zilizokwisha muda. Katikati yake nikakuta daftari langu la Kiingereza la mwaka wa tano wa sekondari. Nikakaa pale pale sakafuni nikalisoma mpaka chai ikapoa.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa. Shule yetu ilikuwa ya Kifaransa, kama shule nyingi za mtaani, ila ilikuwa na sehemu ya Kiingereza, ambako masomo kadhaa na vitabu vyote vya fasihi vilikuwa kwa lugha hiyo. Kubaki sehemu ile kulikuwa na masharti. Vitabu vinne kwa mwaka, insha moja kwa kila kitabu, mtihani wa mdomo mwezi wa sita, na daftari la kusoma. Kila wiki usome kwa sauti nyumbani, uandike nusu ukurasa juu ya ulichosoma, na mtu mzima aliyekusikiliza atie saini chini yake. Daftari likipungua saini hata moja, mtihani wako wa mdomo hauhesabiwi. Usipohesabiwa, unatolewa sehemu ya Kiingereza, unakwenda kumalizia shule na wengine. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyevaa skafu ya rangi ya haradali mwaka mzima, aliyasema hayo siku ya kwanza bila kutabasamu.

Kwa wenzangu saini ilikuwa jambo la dakika moja asubuhi, mlangoni, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine bado. Kwangu ilikuwa kesi.

Nilimpelekea mama daftari mara ya kwanza akiwa anachambua mboga ya lengalenga. Nikamwambia, "Mama, tia saini hapa."

Akafuta mikono kwa khanga. "Hapa pamesema nini?"

"Pamesema umenisikia nikisoma."

"Nimekusikia?"

"Mama, ni Kiingereza. Hata nikisoma hutaelewa."

"Bon," akasema. "Basi soma, halafu uniambie kwa Kiswahili. Nikishaelewa nitatia. Mimi sitii saini kwenye kitu nisichokijua. Nilishatia moja, inatosha."

Sikumuuliza ile moja ilikuwa ipi. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kichwa changu kilikuwa kinapiga hesabu ya dakika tu.

Ndivyo tulivyoanza. Mama alikuwa akisafisha maofisi kwenye yale maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord, anatoka kabla hakujakucha na kurudi watu wengine wanapoingia kazini. Analala kidogo, anapika. Mimi nikitoka shule saa kumi jioni namkuta jikoni. Nasoma kurasa zangu kwa Kiingereza huku yeye anakata vitunguu, uso mzito, kama anaelewa kila neno. Nikimaliza ananiambia, "Haya, sasa lete." Nami naleta, kwa Kiswahili, nani kafanya nini, nani kamjibu nini.

Wiki ya tatu nikamvungia. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja, kulikuwa na mambo mengine, siku hizo yalikuwepo. Nikafungua kitabu popote, nikasoma aya mbili kwa mbwembwe, kisha nikatunga: bwana mmoja kagombana na jirani, mbwa wake kagongwa na gari. Mama akasikitika, akatia saini. Nikacheka kimoyomoyo. Wiki iliyofuata, kabla sijafungua mdomo, akaniuliza, "Yule mbwa amepona?"

"Mbwa gani?"

Akanikata jicho. Aliendelea kukata vitunguu, polepole kuliko kawaida. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako haikufika hata kona." Jioni ile nilisoma kurasa zote za wiki mbili, na chakula kikanisubiri.

Kuanzia hapo sikuthubutu. Na ngoja niseme ukweli, nilianza kupenda. Mama aligombana na watu wa vitabuni kama wanakaa ghorofa ya juu yetu. Kulikuwa na msichana mmoja kwenye kitabu cha pili ambaye kila jambo analilia dirishani. Mama akasema huyo hana kazi, apewe beseni la nguo afue, machozi yatakauka yenyewe. Nikaliandika hilo kwenye daftari, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Mwalimu akazungushia kwa kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: haya ni maoni ya nani? Nilipomtafsiria mama swali lile akajibu bila kuinua kichwa, "Mwambie ni ya mtu mzima aliyesikiliza. Si ndiye aliyemtaka?"

Alikuwa na sababu yake ya kukitaka Kiingereza kile. Alinisimulia mara nyingi, mpaka naweza kuisimulia usingizini. Mimi nilizaliwa kambini, Tanzania, baada ya vita kumtoa mama Burundi. Mabwana waliokuja kuwahoji watu kambini, kuamua nani atapelekwa nchi gani, walisema Kiingereza. Mama anasema aliongea nusu saa nzima mpaka koo likakauka, mkalimani akageuka akasema sentensi mbili. Sentensi mbili tu. Zile nyingine zilikwenda wapi hakujua, wala hajui mpaka leo. Alipofika Brussels na mtoto mgongoni alijiapiza kwamba katika nyumba yake atakuwepo mtu mmoja wa kujua Kiingereza kinasema nini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kwa hiyo kutolewa sehemu ya Kiingereza kwangu halikuwa jambo la alama. Ningerudi nyumbani nimwambie mama nini?

Kitabu cha nne ndicho kilichotuletea shida.

Kilikuwa kitabu chembamba, cha huzuni, cha mama mmoja muuza mikate katika mji mdogo wa baridi. Kazi zinakwisha, anakwenda mji mkubwa kutafuta maisha, mtoto wake wa kwanza anamwacha kwa jirani. Anamwambia nitarudi maua yakichanua. Maua yanachanua mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama anapata watoto wengine kule. Mwishoni kabisa, siku moja yuko stesheni, anamwona kijana ng'ambo ya reli na anamtambua ni wake. Anafungua mdomo. Treni inaingia katikati yao, na kitabu kinaishia hapo. Hakumwita.

Sasa, sisi tulikuwa na dada. Lazima nimlete hapa, maana bila yeye hamna habari. Siku vita vilipofika mtaani kwetu, Buyenzi, dada yangu alikuwa na miaka saba na alikuwa amekwenda kulala kwa bibi, upande wa pili wa mji. Barabara ilifungwa. Mama akakimbia na watu wa mtaa, akiwa na mimba yangu, akijua atamrudia baada ya siku mbili. Dada alikulia kwa bibi. Nilimjua kwa sauti ya simu na kwa picha moja amevaa sare ya shule. Mama aliongea naye kila Jumapili: umeamkaje, bibi anakohoa bado, mvua imenyesha. Kwenye simu alimwita mwanangu. Nyumbani kwetu alimwita yule mkubwa. Jina lake sikulisikia kinywani mwa mama hata siku moja, na sikuona ajabu, maana mtoto huzoea anayoyakuta.

Wiki zote za kitabu kile mama alisikiliza kwa namna nyingine. Hakugombana na mtu. Aliuliza swali moja tu kila wiki: "Amemrudia?" Namjibu bado. Anasema, "Bon, tutaona."

Nilipofika ukurasa wa mwisho nikausoma kwa Kiingereza. Nikamtazama mama. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ubao. "Haya," akasema, "lete."

Nikabadilisha. Nikamwambia mama yule aliita, kijana akageuka, treni ikapita, wakavuka reli wakakumbatiana. Nikaongeza na mkate, kwamba alimpa mkate. Sijui mkate niliutoa wapi. Mama alilia, akacheka, akajifuta na khanga, akatia saini yake ile ya kuandika herufi moja moja, jina lote mpaka mwisho. Siku ile nilijiona mtoto mwema sana.

Kumbe kesho yake kazini aliisimulia. Wakati wa kupumzika, ndoo zimewekwa kando, akawapa wenzake hadithi nzima mpaka mkate. Mmoja wao, mama Mkenya aliyependa kusoma, akamwomba kitabu. Mama akaja kukichukua mezani kwangu kwa fahari, akampelekea. Ijumaa Mkenya akakirudisha. Alisema naye kwa upole, mama aliniambia hivyo baadaye: "Haki dada, nimesoma mpaka mwisho, na nimerudia. Huyo mtoto hakuitwa. Na mkate sijauona."

Jumamosi asubuhi nikakuta daftari limefunguliwa mezani. Kwenye saini ya mwisho pamepigwa mstari mmoja wa wino wa bluu, umenyooka, kwa rula. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka daftari na kuingia mtihani.

Nilimfuata jikoni nikiwa nimeshapandwa na hasira. Nilimwambia ananiharibia maisha. Nilimwambia ni kitabu tu, watu wa kwenye kitabu hawapo, nani atakufa mwisho ukiwa mwingine? Nilimwambia nilifanya kwa ajili yake. Mama akanisikiliza mpaka nikamaliza, ana mazoea hayo mabaya.

"Nimetia saini kwamba nimesikia," akasema. "Sikusikia. Kesho nikitoka sokoni utanisomea nisikie."

"Na usipotia tena?"

"Kesho," akasema.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua naweza kuiga saini yake, zile herufi nilikuwa nazijua zote. Nilishika kalamu kabisa. Nikairudisha kwenye mkoba, si kwa wema, kwa woga.

Jumapili mama alikwenda soko la Gare du Midi kama kawaida, akarudi na mfuko wa majani na ndizi za kupika. Mchana, sahani zikiwa zimeoshwa, akakaa. Hakushika kisu wala kitunguu. Mikono mitupu juu ya meza. Nikamsomea, kisha nikamletea kwa Kiswahili, safari hii neno kwa neno: reli, kijana, mdomo unafunguka, treni.

"Hakumwita," mama akasema.

"Hakumwita."

 Halafu akanisimulia habari ya ile saini moja. Siku ya kuhojiwa kambini, kwenye foleni, mwanamke mmoja alimnong'oneza: usimtaje mtoto uliyemwacha Burundi, ukimtaja watasema kumbe kwenu ni salama, rudi. Taja uliye naye. Watu wote kwenye foleni waliamini hivyo, kila mmoja alifunzwa na aliyemtangulia. Mama akaingia, bwana akamuuliza una watoto wangapi, akasema mmoja. Wakamletea karatasi ya Kiingereza, mkalimani akasema tia hapa, akatia. Miaka ilipopita, alipomwendea mwanasheria hapa Brussels kumwomba amlete binti yake mkubwa, mwanasheria alifungua karatasi ile ile na kumsomea: mtoto mmoja, hakuna mwingine. Akamwambia asijisumbue hata kuandika maombi.

"Nilikuwa na jina lake hapa," mama akasema, akagusa mdomo. "Nikalimeza. Tangu siku ile nikitaka kulitamka linakwama. Wewe ukanipa mama aliyeita. Nikafurahi kama mwehu. Usinipe tena kitu ambacho sikufanya."

Nililia. Sina njia nyingine ya kusema, nililia na kamasi zikatoka, na mama hakunibembeleza, alinisogezea tu kitambaa cha meza.

Ilikuwa saa ya kumpigia dada. Mama akapiga, akaweka simu katikati ya meza, sauti wazi. Wakasalimiana, bibi, kikohozi, mvua. Kisha mama akasema, "Mdogo wako ana hadithi ya shule. Msikilize, uniambie." Nikaisimulia, yote, bila mkate. Nilipofika mwisho nikasikia pikipiki zinapita kule Bujumbura, na mtu anapiga kelele za kuuza sambusa. 

Halafu dada akauliza, "Huyo mtoto, yeye alimwona mama yake?"

"Kitabu hakisemi."

"Alimwona," dada akasema. "Mwambie mwalimu wako. Mtoto hakosi kumwona mama yake. Alikuwa anangoja aitwe."

Mama akaichukua simu kwa mikono miwili, akaileta karibu kabisa na mdomo, na akamwita kwa jina lake. Mara moja. Sauti ilipasuka katikati, akakohoa, akalirudia lote. Upande wa pili dada akaitika, "Abe, mama," jinsi watoto wa kwetu wanavyoitika wakiitwa kutoka uani.

Sikusikiliza yaliyofuata. Nilitoka nikakaa ngazini mpaka Mturuki alipofunga duka. Niliporudi, daftari lilikuwa ndani ya mkoba wangu, limefungwa, na mama alikuwa anamenya ndizi.

Jumatatu nilikaa mbele ya mwalimu na skafu yake ya haradali. Kiingereza changu siku ile kilikuwa cha aibu, nilichanganya nyakati, nilisahau maneno ambayo leo nawafundisha watoto wa miaka kumi na miwili. Alinipa douze sur vingt, na hiyo kumi na mbili kwa ishirini aliitoa kwa huruma, namjua. Lakini ilitosha, nilibaki. Aliniuliza swali la mwisho lililokuwa kwenye masharti ya kozi, mwisho wa kitabu umekuachia nini, nami nikamwambia mtoto alimwona na alikuwa anangoja aitwe. Akasema kitabu hakisemi hivyo. Nikasema najua, miss, aliyesema ni msikilizaji.

Akafungua daftari kuhakiki saini. Akafika ya mwisho, akauona ule mstari wa rula. Chini yake mama alikuwa ametia saini upya, herufi moja moja. Na chini ya saini, kwa mwandiko ule ule, palikuwa na jina jingine ambalo mwalimu hakulijua.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

"Ni dada yangu," nikasema. "Yeye pia alisikiliza."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya nchi hii. Mwalimu akatazama, akaweka alama yake ya vyema nyekundu pembeni ya majina yote mawili, akanirudishia.